Likizo ya familia kutoka Dar: jinsi ya kuipanga hatua kwa hatua, kwa bei nzuri na kwa usalama

Wateja wengi wanaoingia ofisini kwetu hapa Posta huanza na swali moja: "Zanzibar siku tatu ni shilingi ngapi?" Ni swali la haki, ila jibu lake linaweza kuwa laki chache na linaweza kuwa milioni tano, na majibu yote mawili yakawa ya kweli. Inategemea unaenda lini, mko wangapi, mnalala wapi, na nani anabeba gharama zile ambazo hazikutajwa siku ya kwanza.

Miaka yote ya kuuza safari imenifundisha kwamba bei nzuri na usalama hutafutwa mahali pamoja. Mtu aliyekuandikia wazi kila shilingi inalipia nini ndiye huyo huyo atakayepokea simu yako boti ikichelewa. Anayekwepa kuandika atakukwepa pia ukikwama. Kwa hiyo fuata hatua hizi kwa mpangilio wake, na usitoe hata kianzio kabla hujafika hatua ya tano.

Hatua ya kwanza: jua mfuko wako kabla ya kuchagua mahali

Andika mafungu matano: usafiri, malazi, chakula, viingilio na matembezi, na akiba ya dharura. Watu wengi hupiga hesabu ya mafungu mawili ya kwanza, wakaondoka, halafu wanamalizwa na matatu yaliyobaki. Familia ya watu wanne inayokula mara mbili kwa siku kwenye mgahawa wa ufukweni inaweza kutumia fedha nyingi kwenye chakula kuliko kwenye chumba. Kisha kuna teksi ya kwenda bandarini na ya kurudi, boti ya kwenda kisiwani, kiingilio cha gari na cha dereva wake hifadhini, na maji ya kunywa ya kila siku. Akiba iwe angalau sehemu moja ya kumi ya bajeti yote, na ikae kwenye laini ya simu tofauti na ile mnayotumia kila saa.

Kwa watu wa Dar, treni ya SGR imebadilisha hesabu hizi. Ilipoanza safari za Morogoro Juni 2024 na za Dodoma mwezi uliofuata, nauli ya daraja la kawaida ilitangazwa kuwa shilingi 13,000 hadi Morogoro na 31,000 hadi Dodoma. Maana yake kwa likizo ni kubwa. Ukitaka kwenda Mikumi, huna ulazima wa kukodi gari Dar, ulipie mafuta kwenda na kurudi na siku nzima ya dereva anayekaa kwenye foleni ya Kimara. Panda treni hadi Morogoro, gari likuchukue pale, na utakuwa unalipia kile kipande chenye wanyama tu. Omba bei zote mbili, ya gari kutoka Dar na ya gari kutoka Morogoro, uzilinganishe. Mkiwa watu saba ndani ya Noah moja, gari kutoka Dar linaweza kushinda. Mkiwa watatu, mara nyingi treni ndiyo inashinda.

Kama mnachanga kidogo kidogo kwa kibubu au kikundi cha ofisini, kubalianeni tarehe ya mwisho ya kuchanga ambayo iko mbele ya tarehe ya kulipa hoteli. Safari za vikundi huharibika hapo: watu kumi wamelipa, wawili wanasubiri mshahara, na hoteli imeshagawa vyumba kwa wengine.

Hatua ya pili: chagua tarehe kwa kuangalia mvua, likizo na mwezi

Hakuna kitu kinachoshusha bei kama tarehe. Disemba, shule zikifungwa na watu wa Kilimanjaro wakianza kupanda nyumbani, tiketi za mabasi na ndege za kaskazini huisha mapema na punguzo hutoweka. Kuanzia Krismasi hadi Mwaka Mpya hoteli nyingi za pwani huweka na chakula cha lazima cha mkesha, kinacholipwa kwa kila kichwa juu ya bei ya chumba. Mteja asipoambiwa hukiona kwenye bili ya mwisho. Uliza.

Masika, yaani Machi hadi Mei, bei za Zanzibar hushuka sana, hasa Aprili na Mei, na baadhi ya hoteli hufunga kabisa kwa ukarabati. Je, ni wakati mbaya wa kwenda? Kwa wanandoa wanaotaka utulivu, chumba kizuri na bwawa, siyo. Mvua hunyesha, jua hutoka, na unalala kwenye hoteli ambayo Agosti usingeimudu. Kwa familia yenye watoto wanaotaka kushinda baharini, ningesubiri Juni. Hifadhi ya Nyerere, ile iliyomegwa kutoka Selous mwaka 2019, sikushauri kabisa kuiendea wakati wa masika makali: njia za ndani hujaa tope na kambi nyingi hufungwa. Kipindi cha Ramadhani Zanzibar nacho kina utaratibu wake. Migahawa mingi ya mitaani haiuzi chakula mchana, na mgeni anatakiwa kuheshimu mfungo kwa kutokula wala kunywa barabarani. Jioni za futari, kwa upande mwingine, ni za kukumbukwa.

Sasa mwezi. Hili watu wa bara hawaulizi, na ndilo linaloharibu picha nyingi za likizo. Upande wa mashariki wa Unguja, Paje, Jambiani na Bwejuu, ufukwe ni tambarare. Maji yakipwa yanakimbia mbali sana, na pale ulipoogelea asubuhi unakuta kinamama wanatembea kwenda kwenye mashamba ya mwani. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita nne. Siku za maji mafu, katikati ya vipindi hivyo, bahari haiendi mbali kiasi hicho. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zinasogea mbele kwa karibu dakika hamsini. Kwa hiyo kabla hujalipia hoteli ya mashariki, tazama jedwali la maji la tarehe zako, linapatikana bure kwenye simu, uone maji yatajaa saa ngapi mchana. Kama watoto lazima waogelee muda wowote, chagua Nungwi au Kendwa kule kaskazini, ambako maji hayatoroki hivyo. Bei ya kule ni ya juu, na sababu ni hiyo.

Kwa wanaotaka kwenda nje, kanuni ni ile ile: bei ikishuka, tafuta sababu. Pakeji za Dubai za Juni hadi Agosti huwa za bei ya chini kwa sababu joto la mchana hupita nyuzi 40. Kama mnaenda kuzunguka madukani yenye kiyoyozi, nunueni bila wasiwasi. Kama mnaenda na bibi anayependa kutembea nje, subirini Novemba.

Hatua ya tatu: mahali palingane na siku ulizonazo

Siku moja: Mbudya au Bongoyo kwa boti, au Bagamoyo kwa wanaopenda magofu ya Kaole na historia. Siku mbili au tatu: Mikumi, ambayo iko chini ya kilomita 300 kutoka Dar, au Lushoto kwa wanaotaka baridi na kutembea milimani. Siku nne au tano: Unguja, au Saadani, hifadhi pekee ya taifa huku bara inayogusa Bahari ya Hindi. Serengeti na Ngorongoro usiziguse kama huna siku sita. Nimeona watu wakilipia Serengeti ya siku nne kwa gari kutoka Dar, na wakarudi wakiwa wameona barabara kuliko simba. Kama bajeti inaruhusu, rukeni hadi Arusha au Kilimanjaro, kisha mwanzie hapo.

Mtanzania hulipa kiingilio cha hifadhi kwa shilingi, kwa kiwango cha chini mno kuliko cha mgeni wa nje. Usikubali kuuziwa bei ya mgeni. Ila getini utatakiwa kuthibitisha uraia, kwa hiyo kitambulisho cha NIDA kiwe mfukoni.

Hatua ya nne: soma kotesheni (karatasi ya bei unayoandikiwa na muuzaji) mstari kwa mstari

Kuna mama mmoja wa Tabata alikuja na karatasi mbili za safari ya Mikumi, usiku mmoja, watu watano. Ya pili ilikuwa pungufu kwa karibu laki tatu.

"Mwanangu, huyu wa pili kanihurumia," akasema.

"Shikamoo mama. Hebu tuzisome pamoja."

Ya kwanza ilikuwa ndefu na haipendezi macho: jina la hoteli, vyumba viwili na vitanda vyake, chai ya asubuhi na chakula cha usiku, viingilio vya watu watano, kiingilio cha gari, ada ya kulala, mafuta, posho ya dereva, na VAT. Ya pili ilisema: "Usafiri, malazi mazuri na mizunguko ya hifadhini." Neno viingilio halikuwepo. Jina la hoteli halikuwepo. Tulipompigia yule wa pili, akasema viingilio mtalipa wenyewe getini, na malazi yako mjini, nje ya hifadhi. Chakula hakimo. Tukajumlisha kila kitu kwenye upande wa pili wa karatasi, na ile bei ya huruma ikapita ya kwanza.

Kotesheni inayofaa ina mambo haya, na ukikosa hata moja, rudisha uandikiwe: tarehe ya kuondoka na kurudi, jina kamili la hoteli na aina ya chumba, milo ipi imo, aina ya gari na idadi ya watu ndani yake, viingilio na ada zote kwa majina, kodi, orodha ya visivyomo, tarehe ya mwisho ya bei hiyo, na masharti ya kuahirisha. Hilo la mwisho usilionee haya. Mtoto huugua, bosi hukataa ruhusa. Ukiahirisha siku 30 kabla unarudishiwa kiasi gani? Siku saba kabla je? Na je, unaweza kusogeza tarehe badala ya kupoteza kianzio? Muuzaji mzuri atakuwa na majibu hayo tayari, kwa sababu yeye mwenyewe ameyapata kwa mwenye hoteli.

Bei iwe kwa shilingi. Kanuni zilizotangazwa mwishoni mwa Machi 2025 zinakataza bidhaa na huduma za hapa nchini kuwekewa bei au kulipwa kwa fedha za kigeni. Ukiandikiwa dola kwa hoteli ya Bagamoyo, omba ibadilishwe, na hapo utakwepa pia hasara ya kiwango cha kubadilishia alichojipangia muuzaji.

Hatua ya tano: mpime muuzaji, kisha lipa

Wizi mwingi wa safari siku hizi huanzia kwenye picha nzuri mtandaoni, bei ya nusu, na maneno "zimebaki nafasi mbili tu". Mtu mwenye haraka kuliko wewe kwenye fedha yako, mwache.

Omba kuona leseni ya biashara ya utalii, ile inayoitwa TALA, inayotolewa chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii, pamoja na jina la kampuni kama lilivyosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa kampuni. Kisha angalia lipa namba au akaunti ya benki: jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri lifanane na jina la kampuni. Likitokea jina la mtu binafsi, simama hapo hapo. Fika ofisini kama ipo mjini, au mtume ndugu yako apite. Piga simu hotelini moja kwa moja, kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, uulize kama wanamfahamu muuzaji huyo na kama nafasi yako imeshikwa kwa jina lako.

Lipa kwa mafungu. Kianzio cha asilimia 30 hadi 50 ni kawaida kwa hoteli, na salio karibu na siku ya safari. Kila malipo yawe na risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi.

Tiketi ya ndege ina jambo lake, na hapa naomba usome polepole. Muuzaji anaweza kukutumia karatasi yenye jina lako, tarehe, na msimbo wa herufi na tarakimu zilizo sita kwa jumla. Hizo sita zinaonyesha nafasi imeshikwa tu, na nafasi ambayo haijalipiwa hufutwa yenyewe baada ya saa kadhaa au siku chache. Tiketi iliyolipiwa ina namba yenye tarakimu 13. Tatu za mwanzo ni za shirika: Ethiopian ni 071, Emirates 176, Qatar Airways 157. Ukilipa nauli yote, dai namba hiyo. Kisha ingia kwenye tovuti ya shirika lenyewe, weka ule msimbo wa sita na jina la ukoo, uone safari yako na kama imethibitishwa. Hata mimi nikikuuzia, fanya hivyo.

Hakikisha pia jina limeandikwa kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Mwajuma asigeuke Mwanajuma. Kurekebisha baadaye hugharimu, na mashirika mengine hukulazimisha kununua tiketi mpya.

Hatua ya sita: nyaraka

Kwa safari za ndani, NIDA inatosha kwa watu wazima, na cheti cha kuzaliwa kwa watoto. Chukueni hata mnapokwenda Zanzibar.

Kwa nje, pasipoti iwe na uhai wa miezi sita au zaidi kuanzia siku ya kusafiri. Kenya, Uganda na Rwanda Mtanzania haombi viza, na Afrika Kusini pia anaingia bila viza kwa matembezi ya muda mfupi. Kwa nchi zinazotaka viza, usinunue tiketi isiyorudishwa kabla viza haijatoka. Nchi za Schengen zinadai bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, na hata pale isipodaiwa, bima ya safari ni fedha ndogo ukilinganisha na kulazwa usiku mmoja ughaibuni.

Cheti cha homa ya manjano huanza kutambulika siku 10 baada ya chanjo, na tangu Julai 2016 ni cha maisha. Wanaochanjwa siku mbili kabla ya kuruka huzuiwa, kwa hiyo hesabu mapema. Mzazi mmoja akisafiri na mtoto, abebe cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya mzazi wa pili iliyothibitishwa na wakili.

Hatua ya saba: baharini na barabarani

Kwa boti ya Zanzibar, nunua tiketi mtandaoni au dirishani kwenye ofisi ya kampuni yenyewe. Pale mbele ya bandari, karibu na Kanisa la Mtakatifu Yosefu, utakutana na vijana wanaokimbilia gari lako wakiwa na vitambulisho shingoni, wakisema boti imejaa au ofisi imehamia mlango mwingine. Endelea kutembea. Usimpe mtu fedha wala mzigo njiani.

Juni hadi Septemba upepo wa kusi huchafua bahari kati ya Dar na Unguja. Safari ya asubuhi huwa na utulivu zaidi. Kama mna mtu anayetapika upesi, kaeni katikati au nyuma ya boti, chini, na dawa imezwe kabla ya kupanda. Kwa boti ndogo za kwenda Mbudya, Mnemba au kuangalia pomboo Kizimkazi, msimamo wangu haulegei: jaketi okozi moja kwa kila mtu, la mtoto liwe saizi ya mtoto, na livaliwe kabla ya kung'oa nanga. Wazee wa pwani hawajasahau meli ya MV Spice Islander iliyozama Septemba 2011 wala MV Skagit, iliyotoka hapa Dar Julai 2012 na haikufika. Nahodha akisita kwa sababu ya hali ya hewa, mshukuru na muahirishe. Akiongeza watu juu ya idadi ya majaketi, shukeni.

Barabarani, kama una hiari, safiri mchana. Mabasi ya usiku yaliruhusiwa tena mwaka 2023, na wapo wanaoyapenda kwa kuokoa gharama ya kulala, ila kwa familia naona usingizi wa dereva ni jambo la kulipia. Kwa gari la kukodi, kagua matairi pamoja na la akiba, mikanda ya viti vyote, bima, na uliza dereva amelala saa ngapi. Barabara kuu ya Iringa inapita katikati ya Mikumi. Punguza mwendo kama vibao vinavyoelekeza, hasa jioni, kwani tembo na nyati huvuka bila taarifa, na ukimgonga mnyama kuna faini inayopanda kulingana na aina yake.

Zanzibar mjini, papasi, yaani kijana anayewinda wageni wa kuwaongoza, atakusalimia vizuri na kujitolea kukupeleka hotelini. Wengi hawana nia mbaya, wanatafuta kamisheni, na kamisheni hiyo iko ndani ya bei utakayolipa. "Ahsante kaka, tunapajua" inatosha.

Hatua ya nane: wiki ya kuondoka, na mambo yakiharibika

Siku tatu kabla, piga simu hotelini na kwa dereva. Piga picha pasipoti, NIDA, tiketi na kotesheni, umtumie ndugu mmoja anayebaki nyumbani pamoja na ratiba yenu. Angalia tiketi inaonyesha jengo gani la uwanja wa ndege. Jengo la Tatu, lililofunguliwa 2019, ndilo la safari nyingi za kimataifa. Ndege ndogo za hifadhini huruhusu kilo 15 tu kwenye begi laini, kwa hiyo sanduku gumu libaki nyumbani.

Mkifika mkakuta chumba si kile kilichoandikwa, msiingize mizigo kwanza. Piga picha, mtumie aliyekuuzia ujumbe wa maandishi saa hiyo hiyo, na ukubali mbadala kwa maandishi pia. Malalamiko yanayoletwa baada ya kulala usiku tatu ni magumu kuyadai. Mkirudi bila kusikilizwa, chukueni kotesheni, risiti na zile picha mpeleke Tume ya Ushindani, ambayo inashughulikia pia haki za mlaji. Kama muuzaji amezima simu na ofisi haipo, nendeni polisi siku hiyo hiyo na namba ya muamala, na mpigie mtandao wa simu mliotumia kulipa mkiomba fedha izuiwe, kwa sababu kila saa inayopita inampa nafasi ya kuitoa.